Roketi za Pwani Yetu

Mwendo ambao wataalamu huuita haipasoniki, yaani kuruka kwa kasi ipitayo mara tano ile ya sauti, takriban kilomita 6,000 kwa saa, ungeyamaliza masafa ya Diani hadi Msambweni kabla ya nusu dakika. Nao uliwahi kutimia katika bahari yetu hii. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliondoka katika jukwaa la Waitaliano la San Marco, karibu na Malindi, ikaipita kasi hiyo na kuifikisha angani setilaiti ya Marekani iitwayo Uhuru, ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kuchunguza eksirei za nyota, fahari ambayo, kwa rai yangu, yastahili kufundishwa katika kila skuli ya Kwale.