Hataza Mbili za Mgongano

Katika hataza nyingi zilizotolewa Marekani miaka ya 1970, zipo mbili zinazofaa kusomwa pamoja, ingawa walioziandika walikuwa katika kazi zisizojuana. Ya kwanza ni ya William Rusch, mhandisi wa kampuni ya Sanders Associates mjini Nashua, New Hampshire. Ilitolewa mwaka 1972, na inaeleza jinsi nukta mbili za mwanga zinavyokutana kwenye kioo cha televisheni, moja ikabadilisha mwendo wa nyingine. Ya pili ni ya Robert Metcalfe na wenzake David Boggs, Charles Thacker na Butler Lampson, wa kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California. Hiyo iliombwa tarehe 31 Machi 1975, ikatolewa tarehe 13 Desemba 1977, na inaeleza jinsi kompyuta nyingi zinavyoweza kutumia waya mmoja na kutambua mara moja jumbe mbili zinapogongana. Zote mbili ni hataza za mgongano. Katika ya kwanza mgongano ndio mchezo wenyewe, na bila huo hakuna cha kuchezwa. Katika ya pili mgongano ni ajali, na werevu wote umo katika kuigundua ajali hiyo na kuimaliza kabla haijaharibu kitu. Ya kwanza ilitembea mahakamani kwa zaidi ya miaka 10. Ya pili ilifunguliwa kwa yeyote aliyetaka, kwa ada ndogo. Wengi wakilitazama jambo hili husema kampuni moja ilikuwa na choyo na nyingine ilikuwa na ukarimu. Maelezo hayo nayaona mepesi mno. Naamini tofauti ilitoka katika kile kilichozungushiwa uzio: mchezo unaweza kuuzwa nyuma ya ua, lakini mtandao ukiuzungushia ua, umeuua.

Asili ya hataza ya michezo ni Ralph Baer. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1922 katika familia ya Kiyahudi, akakimbilia Marekani pamoja na wazazi wake mwaka 1938, akajifunza ufundi wa redio kwa posta, kisha baada ya vita akasomea uhandisi wa televisheni. Mwishoni mwa Agosti 1966, akimsubiri mwenzake kwenye kituo cha mabasi mjini New York, aliandika wazo lililokuwa likimzunguka akilini: katika nyumba za Wamarekani kulikuwa na mamilioni ya televisheni zisizo na kazi nyingine ila kutazamwa, kwa nini zisichezewe? Tarehe 1 Septemba aliyapanga mawazo hayo katika kurasa nne. Sanders ilikuwa kampuni ya zana za kijeshi, haikuwa na habari na vitu vya kuchezea, lakini ilimruhusu kufanya kazi na fundi Bill Harrison, na mwaka 1967 Rusch akaungana nao. Hadi hapo walikuwa na nukta mbili zinazofukuzana, kila moja ikiendeshwa na mchezaji wake. Ni kitu cha kuchosha baada ya dakika chache. Rusch ndiye aliyeleta nukta ya tatu, isiyo mkononi mwa mchezaji yeyote, inayoendeshwa na mashine yenyewe. Nukta hiyo ikawa mpira, nukta za wachezaji zikawa vibao vya kuupiga, na kabla mwaka 1967 haujaisha walikuwa wanacheza tenisi ya meza juu ya kioo. Naliona jambo hilo la nukta ya tatu kuwa kiini cha historia yote ya michezo ya video, kwa sababu kabla yake kulikuwa na vikaragosi viwili, na baada yake kulikuwa na dunia ndogo yenye kanuni zake, ambamo kitu kinaenda chenyewe na mtu analazimika kukikabili.

Sanduku lao la majaribio, lililovikwa plastiki yenye sura ya mbao, lilikamilika mwaka 1968. Miaka ikapita wakitafuta mnunuzi. Mwaka 1971 Magnavox, watengenezaji wa televisheni, walichukua leseni, na mwaka 1972 wakatoa Odyssey. Ndani yake hamkuwa na kompyuta: ni transista kama 40 na dayodi kama 40, bila sauti, bila hesabu ya mabao, na uwanja wa mchezo ulikuwa karatasi ya plastiki inayobandikwa juu ya kioo. Tarehe 24 Mei mwaka huo huo kifaa hicho kilionyeshwa Burlingame, California, na miongoni mwa waliotia saini kitabu cha wageni alikuwa Nolan Bushnell, ambaye mwaka mmoja kabla, pamoja na Ted Dabney, alikuwa amebuni Computer Space, mashine ya sarafu ya kwanza ya aina yake kuuzwa kibiashara. Wiki chache baadaye Bushnell na Dabney waliandikisha kampuni ya Atari, na kijana mhandisi Allan Alcorn akapewa kazi ya kutengeneza mchezo rahisi wa tenisi ya meza. Matokeo yake ni Pong. Alcorn aliongeza sauti, akaongeza mabao, akakigawa kibao sehemu kadhaa ili mpira uruke kwa pembe tofauti kulingana na mahali ulipogusa. Mashine ya majaribio ilipowekwa kwenye baa ya Andy Capp's mjini Sunnyvale, haikuchukua muda ikagoma, na fundi alipoifungua alikuta chombo cha sarafu kimefurika.

Aprili 1974 Magnavox na Sanders waliwashtaki Atari na watengenezaji wengine wa mashine za sarafu. Hapa ndipo msomaji anapopaswa kuelewa kinacholindwa na hataza, kwa maana wengi hudhani ni mashine. Saketi ya Pong haikufanana na ya Odyssey. Moja ilitumia vipande vya kidijitali, nyingine mawimbi ya kupanda na kushuka. Kama hataza ingelinda saketi tu, Atari wangeshinda asubuhi. Kinacholindwa ni madai, yaani sentensi zilizoandikwa mwishoni mwa hati, na madai ya Rusch yalikuwa mapana: alama inayopiga, alama inayopigwa, na mwendo wa ya pili kubadilika zinapokutana. Sentensi ya namna hiyo inamkamata kila mwenye mpira na kibao, hata akijenga mashine yake kwa njia asiyoiota Rusch. Bushnell naye alipata hataza yake Februari 1974, lakini ilihusu njia maalumu ya kuweka picha mahali pake kwenye kioo, na wakati ilipotolewa waigaji wa Pong walikuwa wamekwisha kujaa sokoni. Atari walipatana na Magnavox mwaka 1976, wakalipa dola milioni 1.5 na kupewa leseni. Januari 1977, mjini Chicago, Jaji John Grady aliwapa ushindi Magnavox dhidi ya waliobaki. Baadaye walishindwa Mattel, wakashindwa Activision. Nintendo walijaribu kuibatilisha hataza kwa kuonyesha kwamba William Higinbotham alikwisha kuweka tenisi kwenye kioo cha osiloskopu katika maabara ya Brookhaven mwaka 1958. Mahakama ikaona kwamba chombo kile hakikutumia mawimbi ya televisheni, na hataza ikasimama. Fedha zilizokusanywa kwa kesi na leseni zilipita dola milioni 100.

Sasa tugeukie waya. Mwanzo wake ulikuwa hewani, Hawaii, ambako Norman Abramson na wenzake mwaka 1971 waliunganisha visiwa kwa redio. Kila kituo kilirusha ujumbe kilipotaka. Ukigongana na mwingine, zote mbili zilipotea na kila mmoja akangoja kidogo akarusha tena. Njia hiyo ni rahisi lakini ina hasara, maana kwa hesabu zake haiwezi kutumia zaidi ya asilimia 18 hivi ya uwezo wa mawimbi. Metcalfe aliusoma utafiti huo, akaukosoa kihesabu katika tasnifu yake ya Harvard, na tarehe 22 Mei 1973 akawaandikia wenzake wa Xerox waraka wa kueleza mtandao aliouita Ethernet. Kanuni zake ni zile zile za watu wenye adabu barazani. Kabla hujasema, sikiliza kama kuna anayesema. Ukisema na ukasikia mwingine kaanza pamoja nawe, nyamaza papo hapo, usimalize sentensi. Kisha ngoja kitambo cha kubahatisha, na mkigongana tena, ongezeni kitambo hicho maradufu. Katika baraza hilo hakuna mwenyekiti anayegawa zamu. Mwenyekiti akiugua, baraza huvunjika. Mtandao huu hauna wa kuugua.

Metcalfe aliondoka Xerox, mwaka 1979 akaanzisha 3Com, na akasaidia kuwaleta pamoja DEC, Intel na Xerox, ambao Septemba 1980 walichapisha vipimo vya Ethernet ya megabiti 10 kwa sekunde ili kila mtu avisome. Xerox waliliachilia jina lisiwe alama yao ya biashara, na leseni ya hataza ikatolewa kwa dola 1,000, ada ya mara moja. Mwaka 1983 taasisi ya wahandisi ya IEEE iliupitisha kuwa kiwango. Mshindani mkubwa alikuwa mtandao wa duara wa IBM, uliotolewa mwaka 1985, ambamo kompyuta zilipokezana kibali cha kusema. Mhandisi Msweden Olof Söderblom alikuwa na hataza juu ya wazo la namna hiyo, na watengenezaji walidaiwa mrabaha. Kadi za duara zilibaki ghali, za Ethernet zikashuka bei mwaka hadi mwaka kwa kuwa watengenezaji wake walikuwa wengi.

Mhandisi atanipinga hapa kwamba Ethernet haikushinda kwa sababu ya ada ndogo. Ilishinda kwa nyaya za simu zilizochukua nafasi ya kebo nene, kwa swichi zilizoondoa migongano karibu yote, na kwa usahili wake. Ni kweli yote. Lakini nani aliyeleta nyaya hizo na swichi hizo? Hawakuwa Xerox. Ni kampuni ndogo ndogo zilizoingia kwa sababu mlango ulikuwa wazi, kila moja ikiongeza kipande chake. Mwingine atasema Xerox hawakutoa sadaka, walitaka kuuza mashine zao za kuchapisha. Hilo nalo nalikubali, na ndilo linaloitia nguvu hoja yangu. Nia njema haikuhitajika. Metcalfe mwenyewe aliwahubiria wanunuzi kwamba faida ya mtandao inakua kwa mraba wa idadi ya waliounganishwa. Mwenye mtandao anayemzuia jirani anapunguza thamani ya alichonacho mkononi. Mwenye Odyssey hana hasara hiyo, kwa maana jirani asipokuwa na mchezo, mchezo wangu haupungui utamu. Uzio wa Magnavox haukuizuia biashara ya michezo kukua, uliitoza tu. Kuanguka kwa soko la Marekani mwaka 1983 kulitokana na wingi wa michezo mibovu, wala si hataza, na itakuwa dhuluma kuwatwisha Baer na Rusch mzigo huo.

Lipo pingamizi lenye uzito zaidi, na sitalipita haraka. Bila hataza ile na ukali ule wa mahakamani, nani angemkumbuka Baer? Kwa miaka mingi umma uliamini kwamba mchezo wa video ulizaliwa na Pong. Ni kesi zilizoleta mezani kitabu cha wageni cha Burlingame, kurasa nne za Septemba 1966 na madaftari yenye saini na tarehe ambayo mawakili wa hataza huwataka wahandisi wayatunze. Madaftari hayo na sanduku la majaribio sasa yamo katika makumbusho ya Smithsonian, na mwaka 2006 Baer alivishwa na Rais wa Marekani nishani ya taifa ya teknolojia. Hataza ilimtendea haki kama mwanahistoria, na kwa hilo inastahili heshima. Ila haki ya kutajwa kuwa wa kwanza ni jambo moja, na upana wa madai ni jambo jingine. Kwa mfano, kampuni ya michezo ya Namco walipewa mwaka 1998 hataza ya kuweka mchezo mdogo wa kuchangamsha wakati mchezo mkubwa unapakiwa, nayo ikadumu hadi 2015. Miaka yote hiyo watengenezaji wengine walijiepusha na wazo hilo, na wachezaji duniani wakakodolea macho mstari unaojaa polepole. Hapo uzio ulizunguka kiwanja ambacho hata mwenyewe alikilima kidogo sana.

Kazi hizi mbili hazikubaki mbalimbali. Mwaka 1987 Namco hao hao walitoa Final Lap, mashine ya mbio za magari ambayo makabati yake yaliunganishwa kwa waya hadi wachezaji wanane wakashindana. Tarehe 10 Desemba 1993 ukatoka mchezo wa Doom, ambao watu wanne waliweza kuucheza kwa kompyuta zilizounganishwa kwenye mtandao wa ofisi, na toleo la kwanza lilitangaza jumbe zake kwa kila kompyuta iliyomo, hata kazi nyingine zikakwama. Ofisi na vyuo kadhaa vya Marekani viliupiga marufuku. Mitandao mingi iliyokwamishwa hivyo ilikuwa ya Ethernet, ikibeba risasi za kubuni kwa kanuni ile ile ya sikiliza, nyamaza, ngoja. Mwaka mmoja na siku tatu baadaye, tarehe 13 Desemba 1994, miaka 17 ya hataza ya Metcalfe na wenzake ilitimia.