Mitupo huru kwenye kikapu: Nani anasimama wapi, na refa anaangalia nini?

Tuseme ni mechi ya vyuo mjini Morogoro, SUA na Mzumbe, uwanja wa wazi chini ya Milima ya Uluguru. Matokeo ni 57-57, zimebaki sekunde 4, na mchezaji wa SUA anapewa mitupo huru miwili. Wa kwanza anakosa. Wa pili unagonga ringi, mwenzake anaruka, anaudaka na kufunga. Upande mmoja unashangilia, mwingine unamzingira refa: "Huyo kaingia mapema!"

Kama kweli aliingia mapema, bao hilo halipo. Tatizo ni nani aliona.

Tanzania, kupitia TBF, ni mwanachama wa FIBA, hivyo sheria ni za FIBA. Ukimwacha mtupaji, wanaoruhusiwa kujipanga pembeni mwa boksi ni wachezaji 5 tu: 3 wa timu inayozuia na 2 wa timu ya mtupaji. Nafasi zilizo karibu kabisa na kikapu, kulia na kushoto, ni za wanaozuia. Zinazofuata ni za wenzake mtupaji, na mzuiaji wa tatu anakaa upande mmoja, jirani na mtupaji. Timu inayozuia ikiamua kuacha nafasi yake wazi, inabaki wazi. Mshambuliaji hawezi kusogea akaichukua, hata kama anaona inapotea bure.

Wengine wote wanakaa nyuma ya mstari wa pointi 3, na pia nyuma ya usawa wa mstari wa mtupo huru.

Sasa muda wa kutoka, maana hapa ndipo kelele huanzia. Waliojipanga kwenye boksi wanaweza kuingia mpira ukishatoka mikononi mwa mtupaji. Mtupaji mwenyewe na wale wa nyuma wanasubiri mpaka mpira uguse ringi au uingie. Mtupaji ana sekunde 5 za kurusha na haruhusiwi kuzuga. (Wanaotazama NBA kwenye simu hubisha kwamba ni 10. Ndiyo, ila huko ni NBA.)

Marefa wakiwa wawili, mmoja anasimama chini ya kikapu na mwingine nyuma, akihesabu zile sekunde 5. Kila mmoja anaangalia wachezaji wa upande ulio mbali naye, kwa sababu miguu ya walio mbele yako inaonekana vizuri kuliko ya walio ubavuni. Refa anayeufuata mpira hewani kama shabiki amekwisha. Na mvua ya Uluguru ikishalowesha uwanja wa shule ambao rangi imefutika, mistari ndiyo ya kwanza kupotea, kwa hiyo refa makini anaichora upya kwa chaki kabla ya mechi.

Adhabu inategemea nani kakosea na mpira umeingia au la. Mtupaji akikanyaga mstari, pointi haihesabiwi. Mwenzake akiwahi kuingia na mpira ukakosa, wapinzani wanarusha kutoka pembeni. Mzuiaji akiwahi na mpira ukakosa, mtupo unarudiwa. Wakiwahi wa timu zote mbili kwenye mtupo wa mwisho uliokosa, unaamua mshale wa zamu. Mpira ukiingia, makosa ya waliojipanga yanapuuzwa na pointi inahesabiwa.

Kwa faulo ya kiufundi au isiyo ya kimichezo hakuna kujipanga kabisa; mtupaji anabaki peke yake.

Turudi Morogoro. Kama mchezaji wa SUA aliwahi na filimbi ikapulizwa, bao linafutwa, Mzumbe wanapewa mpira, bado ni 57-57. Filimbi isipopulizwa pale pale, matokeo ni 59-57, na kosa hili halimo kwenye orodha ya makosa ambayo marefa wanaruhusiwa kuyarekebisha baadaye, hata benchi zima likija na video ya simu.