Bei Nafuu au Gharama Ndogo? Istilahi ya Usafiri wa Anga Ikitazamwa kutoka Juba

Magazeti ya Afrika Mashariki huyaita mashirika kama Jambojet na flydubai "mashirika ya ndege ya bei nafuu". Jina hilo linaeleweka upesi, ila linataja kile abiria anachokiona kwenye tiketi na kuacha kinachoiwezesha tiketi hiyo kuwepo. Istilahi inayofaa zaidi ni "shirika la ndege la gharama ndogo", na kwa Sudan Kusini, inayotamani watalii, tofauti hiyo si ya wanaisimu peke yao.

Bei hutolewa na mnunuzi. Gharama hubebwa na mwendeshaji. Southwest ya Marekani, iliyoanza kuruka mwaka 1971, ilijijenga juu ya aina moja ya ndege, Boeing 737, ili marubani, mafundi na vipuri vitumike kwa ndege zote. Ndege ilipotua, abiria walishuka, wengine wakapanda, nayo ikaruka tena kabla ya nusu saa kwisha, kwa kuwa ndege iliyoegeshwa haiingizi kitu. Ryanair ya Ulaya na wenzake wakaongeza malipo ya kando kwa begi na chakula. Umoja wa Ulaya ulipokamilisha kufungua anga lake mwaka 1997, nauli zilishuka na miji midogo isiyojulikana ikaanza kupokea wageni wa wikendi.

Bei ikishuka bila gharama kushuka, mambo huenda kombo. Shirika la ndege la Fastjet lilianza Dar es Salaam Novemba 2012 kwa nauli za kuanzia Sh 32,000 kabla ya kodi, na wengi wakapanda ndege kwa mara ya kwanza. Lakini kodi na tozo hazikuwa mikononi mwake kuzipunguza. Mwisho wa 2018 lilisimama, likiwa na madeni.

Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, inaonyesha waziwazi kwamba gharama ndiyo inayoamua. Nchi inauza mafuta ghafi, lakini yaliyosafishwa, ambayo ndege huyahitaji, kwa sehemu kubwa hununuliwa nje, na mengi huingia kwa malori kupitia mpaka wa Nimule. Viza ya pamoja ya utalii ya mwaka 2014 inahusu Kenya, Uganda na Rwanda tu; Sudan Kusini haimo. Wakati huohuo, kivutio kipo: sensa ya angani ya 2023, iliyotangazwa mwaka uliofuata, ilikadiria wanyama wa jamii ya swala wapatao milioni 6 wanaohama katika eneo la Boma, Badingilo na Jonglei. Mgeni akishafika Juba, kwa kawaida huko hufikishwa na ndege ndogo ya kukodi.

Wapo watakaosema kwamba mitaani gharama na bei ni kitu kimoja. Kweli, katika mazungumzo; lakini mfanyabiashara wa soko la Konyo Konyo mjini Juba hachanganyi alichotumia kuleta unga na anachouzia, na istilahi haina sababu ya kuchanganya. Wengine watasema kinachozuia watalii ni hofu ya usalama, si nauli. Hoja hiyo ina nguvu, ila hofu nayo huhesabiwa: huingia katika bima ya ndege, na bima ni gharama. Anayesema "bei nafuu" atalidai shirika lipunguze nauli. Anayesema "gharama ndogo" ataiuliza serikali kuhusu tozo za uwanja, mafuta, viza na amani, na huko ndiko nauli ya mtalii inakoamuliwa.