Kandanda ya Kimarekani: jaribio la nne na vita vya yadi moja

Katika kandanda ya Kimarekani inayochezwa na vyuo vikuu, yadi moja, umbali usiofika hata mita moja, inaweza kuamua ni chuo gani kitaitwa bingwa wa taifa.

Kila Jumamosi, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi mwanzoni mwa Desemba, viwanja vya vyuo hivyo hufurika watazamaji, na vikubwa zaidi miongoni mwavyo huchukua zaidi ya watu 100,000. Mara nyingi umati huo husimama wote kwa pamoja pale timu inapobakiwa na jaribio moja na umbali mfupi wa kwenda.

Kwa mtazamaji mgeni, kinachofuata ni rundo la miili tu. Kwa makocha, hiyo ni sehemu ya mchezo yenye hesabu nyingi kuliko zote, na mara nyingi jawabu lake huwa limekwisha kuandaliwa dakika moja au mbili kabla.

Majaribio manne, yadi kumi

Kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10 mbele. Ikifanikiwa, hupewa mengine manne. Jaribio humalizika pale mwenye mpira anapoangushwa, anapotoka nje ya uwanja, au pasi inapoanguka chini bila kudakwa.

Kuufikisha mpira ndani ya eneo la goli la wapinzani huleta pointi sita, pamoja na nafasi ya kuongeza pointi moja au mbili. Kuupitisha mpira kwa teke kati ya milingoti huleta pointi tatu.

Likifika jaribio la nne, kocha huwa na njia tatu. Anaweza kuamuru mpira upigwe mbali ili wapinzani waanzie karibu na goli lao. Anaweza kuamuru teke la pointi tatu, iwapo milingoti haiko mbali. Au anaweza kuamua kucheza. Akicheza na kushindwa, wapinzani huuchukua mpira papo hapo, bila kujali ni mahali gani pa uwanja.

Msomaji anayeifahamu raga inayochezwa Nairobi au Kampala ataona undugu wa michezo hii miwili, kwani kandanda ya Kimarekani ilizaliwa kutokana na raga. Lakini katika raga, mchezaji akiangushwa, mpira huendelea kugombewa. Katika kandanda ya Kimarekani mchezo husimama. Kwa hiyo mlinzi wa jaribio la nne hana haja ya kunyang'anya mpira. Kumzuia mwenye mpira asifike kunatosha.

Sheria iliyozaliwa na vifo

Utaratibu huu haukuwapo tangu mwanzo. Mwaka 1882, Walter Camp wa Chuo Kikuu cha Yale alifanikisha kupitishwa kwa kanuni iliyoipa timu majaribio matatu ya kusogea yadi tano. Kwa kuwa umbali ulikuwa mfupi, timu zilitumia nguvu za kundi: wachezaji walishikana, wakamsukuma na kumvuta mwenye mpira katikati ya walinzi. Mwaka 1892 Harvard ilitumia dhidi ya Yale mpangilio wa kabari, ambapo wachezaji walikuja mbio kutoka mbali na kumgonga mlinzi mmoja kwa pamoja.

Matokeo yake yalikuwa majeraha na vifo. Mwaka 1905, Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton kuzungumzia usalama wa mchezo. Mwaka uliofuata, pasi ya kwenda mbele iliruhusiwa na umbali ukaongezwa kuwa yadi 10, ili kuwatawanya wachezaji uwanjani. Mwaka 1910 kumsukuma na kumvuta mwenye mpira kulipigwa marufuku. Jaribio la nne liliongezwa mwaka 1912.

Marufuku ya kusukuma haikudumu. Mwezi Oktoba mwaka 2005, Chuo Kikuu cha Southern California, USC, kiliifunga Notre Dame 34-31 baada ya Reggie Bush kumsukuma mwenzake Matt Leinart hadi ndani ya goli katika sekunde za mwisho. Kanuni za wakati huo zilikataza jambo hilo, lakini waamuzi hawakutoa adhabu. Mwaka 2013, kanuni za vyuo zilibadilishwa na kusukuma kukaruhusiwa tena. Kuvuta kungali ni kosa.

Kwa walinzi, badiliko hilo lina maana kubwa. Zamani walikabiliana na nguvu za mtu mmoja mwenye mpira na wale waliomtangulia. Siku hizi hukabiliana pia na nguvu za walio nyuma yake.

Hesabu ya mianya

Safu ya mbele ya washambuliaji huwa na wachezaji watano wazito: mmoja wa kati anayetoa mpira, na wawili kila upande. Kati ya kila wawili kuna mwanya, na nje ya kila wa mwisho kuna mwanya mwingine. Kila mwanya lazima uwe na mlinzi wake. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hakuna mahali ambapo methali hiyo ina ukweli wa moja kwa moja kama hapa, isipokuwa kwamba mlinzi hana muda wa kujenga ukuta huo.

Umbali unapokuwa mfupi, washambuliaji huongeza watu wazito kwenye safu. Kila anayeongezwa huzaa mwanya mpya, na ulinzi hulazimika kuleta mtu wa kuuziba. Ndiyo sababu karibu na goli baadhi ya walinzi wepesi wa kuzuia pasi hutoka nje, na mahali pao huchukuliwa na watu wa miraba minne.

Hesabu ya pili inahusu kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kupokea mpira kwanza. Akimkabidhi mwenzake mpira, hubaki wachezaji tisa wa kuwazuia walinzi 11. Akiamua kukimbia nao mwenyewe, wanaomsafishia njia huwa 10. Faida hiyo ya mtu mmoja ndiyo sababu vyuo vingi humtumia kwotabeki mwenye mbio na kifua katika yadi za mwisho.

Hesabu ya tatu inatokana na kanuni za vyuo kuhusu pasi. Katika ligi ya kulipwa, mchezaji mzito wa safu ya mbele haruhusiwi kusogea zaidi ya yadi moja kabla pasi ya mbele haijarushwa. Katika vyuo huruhusiwa yadi tatu. Kwa hiyo safu nzima inaweza kuonekana inasukuma kwa ajili ya mbio, kumbe mpira utarushwa. Mlinzi anayekimbilia kuziba mwanya kwa pupa humwacha mpokeaji wa pasi peke yake nyuma yake.

Mfano unaokumbukwa ni wa Januari 2009, katika fainali ya ubingwa kati ya Florida na Oklahoma. Tim Tebow, kwotabeki wa Florida aliyesifika kwa kuvunja safu kwa nguvu, alikimbia kuelekea katikati karibu na goli, akaruka juu na kumrushia mpira David Nelson aliyekuwa ndani ya goli. Florida ilishinda 24-14.

Chini, na kwa subira

Makocha wa ulinzi hufundisha kwamba katika umbali mfupi aliye chini zaidi ndiye anayeshinda. Mlinzi wa safu ya mbele huingia bega lake likiwa chini ya bega la mpinzani, kwa sababu mzito aliyenyanyuliwa hupoteza nguvu za miguu. Hata asipomwangusha mtu, akifanya rundo mahali pake amekwisha kuziba njia. Mwenye mpira hulazimika kusita au kuruka juu, na hapo walinzi wa safu ya pili humkuta.

Fundisho la pili ni subira. Kwotabeki hodari hupaza sauti kwa hila ili mlinzi avuke mstari kabla ya mpira kutolewa. Adhabu ya kosa hilo ni yadi tano. Iwapo ilikuwa imebaki yadi moja au mbili, wapinzani huwa wamepata majaribio manne mapya bila hata kutoka jasho.

La tatu huwashangaza wengi. Katika jaribio la nne, mlinzi aliye mbali nyuma mara nyingi hushauriwa aupige mpira uanguke badala ya kuudaka. Pasi ikianguka, timu yake hupewa mpira pale jaribio lilipoanzia. Akiudaka yadi 30 nyuma na kuangushwa hapo hapo, ameipokonya timu yake yadi 30.

New Orleans, 1979

Ulinzi wa yadi moja unaosimuliwa zaidi ulitokea Januari mosi mwaka 1979 mjini New Orleans. Penn State, iliyokuwa nambari moja nchini, ilikutana na Alabama, iliyokuwa nambari mbili. Alabama ilikuwa ikiongoza 14-7 katika robo ya nne, kisha ikapoteza mpira karibu na goli lake.

Katika jaribio la pili, Scott Fitzkee wa Penn State alidaka pasi akiwa hatua chache tu kutoka golini. Don McNeal, mlinzi wa Alabama, alimfikia kwa kasi na kumtoa nje kabla hajavuka mstari. Katika jaribio la tatu Matt Suhey alizuiwa. Katika la nne, Mike Guman aliruka juu ya rundo, naye Barry Krauss akamkuta hewani na kumsimamisha. Alabama ilishinda, na kura ya waandishi wa habari ya shirika la AP ikaipa ubingwa. Kura ya makocha iliichagua USC.

Picha ya Krauss akimzuia Guman ndiyo iliyobaki katika kumbukumbu za watu. Lakini bila McNeal, kusingekuwa na jaribio la tatu wala la nne.

Mtaalamu wa uchumi aingia uwanjani

Kwa miongo mingi, jaribio la nne lilikuwa la kupiga teke. Kocha aliyecheza na kushindwa alilaumiwa, ilhali aliyepiga mpira mbali na kufungwa baadaye hakuulizwa kitu.

Mwaka 2006, David Romer, profesa wa uchumi katika Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, alichapisha utafiti kuhusu ligi ya kulipwa. Alionyesha kwamba timu zilipiga teke mara nyingi kuliko ilivyozifaa, na kwamba zingeshinda zaidi kama zingethubutu kucheza. Miaka iliyofuata, makocha wa vyuo nao walianza kuzitegemea hesabu za uwezekano.

Hata hivyo, hesabu haiondoi hatari. Mwanzoni mwa mwaka huohuo wa 2006, katika fainali iliyochezwa Pasadena, USC iliongoza Texas 38-33 huku zikibaki dakika mbili na ushei. Kocha Pete Carroll aliamua kucheza jaribio la nne la yadi mbili. LenDale White, aliyekuwa amefunga mara tatu usiku huo, alisimamishwa. Texas ilisogea yadi 56, na Vince Young akafunga katika jaribio la nne zikibaki sekunde 19. Texas ilishinda 41-38.

Oktoba 2023, Oregon ilijaribu mara tatu katika jaribio la nne dhidi ya Washington na kushindwa mara zote tatu. Ilifungwa 36-33.

Maana yake kwa walinzi ni kwamba kazi yao imeongezeka. Zamani, kulizuia jaribio la tatu kulimaanisha mapumziko. Leo, mlinzi aliyeangusha mtu katika jaribio la tatu hutazama ukingoni mwa uwanja na kuona wapinzani hawamwiti mpiga teke.

Arlington, 2025

Januari 10 mwaka 2025, katika nusu fainali mjini Arlington, Texas ilikuwa nyuma 21-14 dhidi ya Ohio State ilipofika yadi moja kutoka golini, ikiwa na majaribio yote manne. Jaribio la kwanza halikusogea. Katika la pili, Texas ilirusha mpira pembeni ili kuizunguka safu. Walinzi wa Ohio State hawakufungwa na rundo la katikati, wakamwangusha mwenye mpira yadi saba nyuma.

Hapo yadi moja ikawa nane. Pasi ya jaribio la tatu haikufika. Katika la nne Texas haikuwa na la kufanya ila kurusha tena, na walinzi walilijua hilo. Jack Sawyer alimfikia kwotabeki Quinn Ewers, aliyewahi kuishi naye chumba kimoja walipokuwa wote Ohio State, akaupokonya mpira na kukimbia nao yadi 83 hadi golini. Ohio State ilishinda 28-14, na siku kumi baadaye ikatwaa ubingwa kwa kuifunga Notre Dame 34-23.

Mwaka mmoja kabla, Michigan nayo ilikuwa imeitoa Alabama 27-20 katika nusu fainali kwa kumzuia kwotabeki Jalen Milroe katika jaribio la nne, yadi tatu kutoka golini, ndani ya muda wa nyongeza. Michigan pia iliishia kuwa bingwa.

Kwa anayeanza kuufuatilia mchezo huu, iwe ugenini au nyumbani, mifano hii inaonyesha mahali pa kutazama. Timu inapokaribia goli, macho yaanze kwenye jaribio la kwanza na la pili, na kwa walinzi kabla ya mwenye mpira: nani yuko chini, mwanya upi umeachwa wazi, na ni yadi ngapi zitakazobaki jaribio la nne likifika.