Uzi Uliotoka Tumboni mwa Alexis

Tarehe 1 Agosti 1825, saa sita mchana, daktari wa jeshi la Marekani aitwaye William Beaumont alichukua uzi wa hariri, akaufungia vipande vya nyama ya ng'ombe, nyama ya nguruwe, mkate mkavu na kabichi mbichi, akavitumbukiza vyote tumboni mwa mtumishi wake. Havikupita mdomoni. Vilipitia ubavuni, kwenye tundu. Mtumishi akaenda zake kufanya kazi za nyumba.

Saa saba daktari akavuta uzi. Mkate na kabichi vilikuwa vimeisha karibu nusu, nyama bado nzima. Akavirudisha. Saa nane, mkate, kabichi, nyama ya nguruwe na ile ya ng'ombe iliyochemshwa vilikuwa vimetoweka. Kuhusu kabichi namtilia shaka: mwanadamu hana kimeng'enya cha kuvunja nyuzinyuzi za mboga, na huenda ililegea tu ikachomoka. Lakini nyama haikuchomoka yenyewe.

Mtumishi huyo ni Alexis St. Martin, kijana Mkanada mwenye asili ya Kifaransa aliyekuwa kibarua wa biashara ya ngozi za wanyama. Tarehe 6 Juni 1822, katika duka la kampuni kwenye kisiwa cha Mackinac, bunduki ya mtu ilifyatuka karibu naye. Risasi zikampasua ubavu na kutoboa tumbo. Kifungua kinywa chake kikamwagikia nje. Hakuna aliyedhani angeona kesho. Akapona, ila kidonda hakikuziba: kingo za tumbo zilishikana na ngozi, ukabaki mlango.

Swali lililoingia kwa mlango huo lilikuwa la zamani. Je, tumbo husaga kama kinu au huyeyusha? Mwaka 1752, huko Ufaransa, mwanasayansi Réaumur alimlisha mwewe nyama iliyofichwa ndani ya vibomba vya chuma. Ndege huyo hutapika asichoweza kumeng'enya, kwa hiyo vibomba vilirudi, na nyama ndani yake ilikuwa imelika bila kuguswa na msuli wowote. Baadaye Mtaliano Spallanzani alimeza vifuko vya kitambaa vyenye chakula. Angalau yeye alitumia tumbo lake mwenyewe.

Beaumont alikinga maji ya tumbo la Alexis kwenye chupa, akaipasha joto kama la mwili, akatia nyama. Ikayeyuka humo pia, ingawa polepole kuliko tumboni. Kitabu chake cha 1833 kina majaribio 238. Wengi humsifu daktari kwa subira. Mimi jicho langu liko kwa Alexis, mpasua kuni wake, aliyefungwa kwa mkataba wa dola 150 kwa mwaka, aliyetoroka kurudi Kanada, akafuatwa, akarudishwa kwa ahadi za fedha. Mle ndani ya chupa ile mlikuwa na kitu ambacho daktari hakukipatia jina. Wataalamu walipoyapima maji hayo walikuta asidi, lakini asidi peke yake hailainishi nyama namna ile.

Mwaka 1836, huko Berlin, Theodor Schwann ndiye aliyekitenga kile kingine, akakiita pepsini. Kidogo mno kilitosha kuvunja nyama nyingi, na ukikichemsha, nguvu yake hupotea. Leo tunajua pepsini hukatakata protini, na asidi ya tumbo ndiyo huipa makali. Kazi yenyewe huanza mapema zaidi. Tafuna kipande cha muhogo uliochemshwa bila kumeza, subiri kidogo: utamu unaokuja ni sukari, kwa kuwa amilesi ya mate imeanza kuvunja wanga. Kongosho humalizia ndani ya utumbo mwembamba, huku nyongo ikiyatawanya mafuta ili lipesi inayoyavunja iyapate.

Katika miaka ya 1870 Mjerumani Kühne aliviita vitu hivi kwa neno la Kigiriki lenye maana ya «ndani ya chachu», kana kwamba mambo yote ni ya hamira. Kiswahili kilichagua vizuri zaidi: kimeng'enya, kinachomeng'enya. Na mwaka 1930 mwanakemia Northrop aliigandisha pepsini kuwa fuwele, ikadhihirika kuwa nayo ni protini. Kisu kimetengenezwa kwa nyama. Tumbo haliliwi kwa sababu huitoa pepsini ikiwa bado butu, hujipaka ute mzito, na kufanya upya ukuta wake kila baada ya siku chache. Mtu akifa, ulinzi huo hukoma.

Alexis alikufa Quebec mwaka 1880, miaka 27 baada ya daktari wake. Madaktari wakalitamani tumbo lile. Familia ikauacha mwili nyumbani kwa siku kadhaa katika joto la Juni mpaka ukaharibika usitamanike, kisha ikauzika futi nane chini. Siku zile zote, humo ndani, pepsini ilikuwa upande wa familia.