Kutoka chuoni hadi chumba cha mtihani: Safari ya insha na hadithi za malezi

Muulize mwanafunzi yeyote wa shule ya upili nchini maana ya insha. Aghalabu atakujibu kwamba ni karatasi ya kwanza ya mtihani wa Kiswahili. Hajakosea, maana ndivyo alivyofunzwa. Ila neno hilo lilikuwa na maisha yake kabla halijafungiwa katika chumba cha mtihani, na yeyote anayetaka kujua jinsi waandishi wetu walivyosimulia elimu na makuzi hana budi kurudi huko nyuma kidogo.

Tuanze Bagamoyo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na mji huo, ndiye aliyechangia sehemu kubwa ya kitabu cha desturi za Waswahili kilichohaririwa na Carl Velten na kuchapishwa Göttingen, Ujerumani, mwaka wa 1903. Ni nathari kavu, isiyo na madoido, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Mtoro anaeleza mtoto anavyozaliwa, anavyolelewa, anavyopelekwa chuoni kwa mwalimu, hadi anapotiwa jandoni. Hatoi hukumu. Hasemi desturi hii njema, ile mbovu. Anasema tu: hivi ndivyo wafanyavyo watu wa kwetu.

Chuo anachokitaja Mtoro si chuo kikuu, msomaji. Ni mahali pa kusomea Kurani, penye mwalimu, ubao na watoto wanaokariri kwa sauti. Katika Kiswahili cha kale chuo kilikuwa pia kitabu, na ndiyo sababu msomi wa dini bado anaitwa mwanachuoni. Kuhitimu nako kulikuwa kuikhitimisha Kurani: mtoto aliyeanza amefika mwisho, na wazazi wake wakafurahi naye. Sikiliza vizuri maana hiyo. Anayehitimu amemaliza safari. Hajamshinda mtu. Neno la kumwita aliyeanguka, yaani kufeli, tulilikopa kwa Mwingereza baadaye pamoja na mitihani yake.

Shule pia ni neno la kukopa, na hapa pana kichekesho. Wakenya, ambao hawakutawaliwa na Wajerumani, wanatumia neno la Kijerumani, ilhali ndugu zao wa Zanzibar wanasema skuli kwa kumfuata Mwingereza. Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga mwaka wa 1892, wakitaka makarani, na neno likatembea kuliko dola yenyewe.

Yaliyompata Mtoro baada ya hapo yanauma. Alikwenda Berlin mwaka wa 1900 kufundisha Kiswahili. Mtu aliyetoka katika jamii ambako mwalimu huinamiwa alikuta wanafunzi wa Kijerumani wasiotaka kumheshimu mwalimu mweusi, na mwaka wa 1903, mwaka uleule wa kitabu chake, akaacha kazi. Alibaki Ujerumani kwa sehemu kubwa ya maisha yaliyosalia, akafia huko 1927. Kurasa zake za chuo na mwalimu nadhani huwezi kuzisoma vilevile ukishajua hilo.

Kipindi hicho ndipo alipokuwa akikua Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka wa 1909. Shule yake rasmi ilikuwa fupi, Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926, kisha akaingia ukarani wa forodha. Mengine alijifunza mwenyewe. Mwaka wa 1954 alichapisha Kielezo cha Insha kupitia Witwatersrand University Press ya Johannesburg. Jina lenyewe lina harufu ya darasa, nakubali, kwa kuwa kielezo ni mfano wa kuigwa. Lakini insha kwake ni mazungumzo ya mtu mzima na mtu mzima mwenzake. Analishika wazo moja, analigeuza huku na huku, anakuachia. Katika Maisha Yangu, wasifu alioutoa 1949, malezi yanakuwa jambo la nyumbani kabisa: mna tenzi za wosia, Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe wa kiume. Nyuma yake unamwona Mwana Kupona aliyemuusia bintiye mnamo 1858. Mzazi ndiye mwalimu, na somo ni namna ya kuishi na watu.

Mimi sifichi: mawaidha ya Shaaban huchosha yakizidi. Kuna wakati msomaji anatamani mtoto mwenyewe ajibu.

Basi mtoto alijibu, miaka mingi baadaye, katika hadithi fupi. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 uliufanya Kiswahili kuwa somo la lazima linalotahiniwa, na diwani za hadithi zikapata wasomaji kwa maelfu. Chukua Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, iliyohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda. Katika "Mtihani wa Maisha" ya Eunice Kimaliro, Samueli anakwenda kuchukua matokeo akitembea kwa madaha, anakuta ameanguka, na anaona heri afe majini kuliko kumkabili babake. Katika "Mwalimu Mstaafu" ya Kayanda, Mwalimu Mosi anaagwa kwa shangwe, lakini anashikilia kwamba waliokuwa wakivuta mkia darasani nao wapewe nafasi ya kusema. Jairo anasimama, na sherehe haiwi tena ile iliyopangwa. Katika "Mapenzi ya Kifaurongo" ya Kenna Wasike, Dennis ana shahada na hana kazi, na nyumba inamfukuza.

Yaani yule mtoto anayehitimu akashangiliwa ametoweka. Mahali pake pamekaliwa na kijana anayepimwa, na mzazi wake ameacha kuusia, anasubiri matokeo. Kati ya hadithi hizo tatu, ya Mosi ndiyo ninayoiona nzito zaidi, kwa sababu inamwuliza mwalimu mwema swali gumu: ulinifanyia nini mimi niliyekuwa wa mwisho?

Kinaya ni kwamba diwani hiyo ilikuwa kitabu cha kutahiniwa katika KCSE. Kijana wa miaka 17 alisoma kuhusu Samueli anayetaka kujiua kwa sababu ya mtihani, kisha akaulizwa katika mtihani aeleze sifa nne za Samueli. Wengi hata hawakuisoma hadithi. Walikariri mwongozo uliowapa sifa hizo zikiwa zimepangwa tayari. Jamani!

KCPE, iliyomtaka mtoto atunge insha kwa dakika 40, ilifanywa mara ya mwisho 2023. Walimu kadhaa sasa wananiuliza insha ifunzwe vipi katika mtaala mpya wa umilisi. Jibu langu ni kwamba wawape wanafunzi ukurasa mmoja wa Mtoro kuhusu chuo, kisha wawaambie waandike hivyo hivyo, bila methali ya kufungulia wala ya kufungia, namna watoto wa mtaani kwao wanavyolelewa.