Alikolala Mwanafunzi

Mpaka wa kwanza hapa Ufipa haukuchorwa na mpima ardhi. Wazee husimulia kwamba Ntatakwa alishuka kutoka mbinguni akatawala Milanzi. Siku moja, akiwa mawindoni, wakaja wanawake wageni wa ukoo wa Watwa wakakalia kiti chake. Wakapatana: nchi iwe yao, yeye abaki na Milanzi na mlima Itwelele. Leo Milanzi ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, sawa na Katandala. Mji uliozaliwa juzi umemmeza babu yake.

Wajerumani hawakuuona mji huo. Boma lao, Bismarckburg, lilikuwa Kasanga, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Ni Waingereza walioipandisha Sumbawanga kuwa makao ya Wilaya ya Ufipa, na mwaka 1974 ikawa makao ya mkoa mpya wa Rukwa, uliokatwa kutoka Mbeya na Tabora. Wakati huo halmashauri nchini zilikuwa zimevunjwa, tangu mwaka 1972. Za miji zikarudishwa 1978, na sheria ya 1982 ikazipa mamlaka zilizo nazo sasa. Mpaka wa manispaa ukakumbatia mashamba ya mahindi na maharage. Kwa hiyo watu 209,793 wa sensa ya 2012, na 303,986 wa 2022, si wote wa lami na maduka. Mkulima wa kata ya Ntendo au Pito naye ni mtu wa mjini, jembe lake begani.

Miji ya vyuo ndiyo inayoiumbua hesabu hii. Morogoro ina Chuo Kikuu cha Sokoine ndani ya manispaa yake, lakini Mzumbe, chuo kikuu tangu 2001, kipo upande wa pili wa mstari, katika Wilaya ya Mvomero. Mwanafunzi wa Mzumbe hupanda daladala kwenda Morogoro kununua viatu. Pesa yake ni ya manispaa, kichwa chake ni cha Mvomero.

Hata huko Mvomero huenda asihesabiwe. Marekani, tangu 1950, humwandika mwanafunzi pale anaposomea, kisha huunganisha kaunti kwa kutazama watu wanaovuka mipaka kila siku kwenda kazini. Hapo ndipo mji mkubwa hupata ukubwa wake. Sisi humwandika mtu alikolala. Sensa ya mwisho iliuliza usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022, na Agosti kwa kawaida ni msimu wa likizo ndefu za vyuo vikuu. Mimi naona utaratibu wetu ni mwepesi kwa karani, mgumu kwa mpanga maji na vyoo.

Chukua binti wa Katandala anayesoma Mzumbe. Karani anabisha hodi, mama anataja waliolala humo, na binti anaingia kwenye orodha ya Sumbawanga. Kule bwenini godoro lake limekunjwa, na Mvomero imepungukiwa mtu mmoja hadi sensa ijayo.